Kubana rafu bwawani, makasha makavu au ghala la pamoja: namna ya kusoma tathmini za mionzi kabla ya kuchagua

Bwawa la fueli iliyotumika likikaribia kujaa, mwenye kinu cha nyuklia ana njia tatu za kupata nafasi. Anaweza kubana rafu ndani ya bwawa lile lile. Anaweza kuitoa fueli kongwe na kuiweka kwenye makasha makavu uani. Au anaweza kuisafirisha hadi ghala moja linalohudumia vinu kadhaa. Kila njia huja na ripoti yake ya tathmini ya mionzi, na karibu kila ripoti huishia kwenye kauli ile ile: athari ni ndogo.

Mara nyingi kauli hiyo ni kweli. Tatizo ni kwamba haimsaidii anayetakiwa kuchagua. Njia tatu zenye "athari ndogo" haziwapi watu wale wale dozi, wala haziwapi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mimi nikifungua ripoti hizi hutafuta kwanza dozi inamwangukia nani: mfanyakazi wa mwaka huu, jirani wa uzio kwa miaka arobaini, au mkoa mzima siku moja mbaya ambayo pengine haitafika kamwe.

Umri wa fueli kwanza

Fungu la fimbo lililotolewa kinuni mwaka jana na lile la miaka ishirini nyuma hukaa kwenye rafu moja, na kwa macho hayatofautiani sana. Kwa mionzi ni vitu viwili mbalimbali. Tani moja ya fueli ya kinu cha maji mepesi, yaani maji ya kawaida, hutoa joto la takriban kilowati 10 mwaka mmoja baada ya kutoka. Ikitimiza miaka kumi hutoa 2 au chini ya hapo. Sesiamu-134, yenye nusumaisha (muda wa kupungua nusu) ya miaka miwili hivi, huwa karibu imekwisha. Kobalti-60 iliyo kwenye vyuma vya fungu hupungua nusu kila miaka mitano na ushei. Wanaobaki kutawala ni sesiamu-137, inayohitaji miaka 30 kupungua nusu, na kwa upande wa nyutroni kuriamu-244, ambayo nusumaisha yake ni miaka 18.

Kwa sababu hiyo makasha makavu hayaliondoi bwawa. Fueli changa haina budi kukaa majini miaka kadhaa, kwa kawaida mitano au zaidi, kabla ya kuwekwa mahali panapopozwa na hewa tu. Maadamu kinu kinafanya kazi, bwawa litakuwepo. Kinachoshindaniwa ni mahali pa fueli kongwe.

Angalia basi wamepiga hesabu kwa fueli ya umri gani na iliyochomwa, yaani iliyotumika kinuni, kiasi gani. Tathmini ya makasha iliyotumia fueli ya miaka kumi ina thamani ndogo ikiwa mpango wenyewe ni kuanza kupakia ya miaka mitano. Hapo ndipo namba huhama kwa wingi kuliko mahali pengine popote kwenye ripoti, na mara nyingi taarifa yenyewe imefichwa kwenye kiambatisho.

Kubana rafu

Ndiyo njia ya haraka na yenye gharama ndogo, na ndiyo iliyotangulia kutumiwa. Rafu za zamani ziliacha nafasi pana kati ya fungu na fungu ili atomi zisianze mnyororo wa kupasuka. Rafu mpya zina bamba zenye boroni, ambayo hufyonza nyutroni, kwa hiyo mafungu husogezwa karibu. Kanuni ya Marekani ni kwamba kizidishi cha nyutroni kisivuke 0.95, kikifika 1 mnyororo hujiendesha wenyewe.

Wengi hudhani kwamba mafungu yakiwa mara mbili, mionzi juu ya bwawa nayo itakuwa mara mbili. Haiwi hivyo. Juu ya mafungu kuna maji ya mita 7 hivi, na kina hicho humaliza karibu mionzi yote ya moja kwa moja. Dozi ya mtu anayepita kando ya bwawa hutoka zaidi kwenye maji yenyewe: chembe za kutu zilizogeuka nururifu, hasa kobalti, zinazobanduka wakati wa kubadilisha fueli, pamoja na sesiamu kidogo kutoka kwenye fimbo zilizotoboka. Fueli kongwe iliyotulia chini huongeza kidogo mno. Gesi nazo ni hivyo hivyo, kwa kuwa kriptoni-85 ya fimbo zenye matundu huwa imeshatoka mapema. Tathmini kuu iliyotolewa na mamlaka ya nyuklia ya Marekani, NRC, mwaka 1979 ilikuta athari za kuongeza hifadhi ya muda kwa mazingira kuwa ndogo mno, na ripoti za kinu kimoja kimoja zimekuwa zikifuata mkondo huo.

Dozi halisi ya njia hii iko kwenye kazi yenyewe. Rafu kongwe hunyanyuliwa kutoka majini, huoshwa kwa maji ya shinikizo, hukatwa na kufungwa kama taka. Mafungu huhamishwa upande mmoja wa bwawa, kisha upande mwingine, kupisha kazi. Pale ambapo vifaa vya kufikia kwa mbali havitoshi, wapiga mbizi hushuka. Makadirio ya miradi hii Marekani mara nyingi yamekuwa kwenye mSv-mtu 60 hadi 120 kwa mradi mzima, yaani dozi za wafanyakazi wote zikijumlishwa (mSv ni milisiveti, kipimo cha dozi ya mionzi). Ikigawanywa kwa kikosi kizima si kubwa, lakini inaliwa ndani ya miezi michache na watu wachache.

Maji ni kinga nzuri mpaka mtu anapoingia ndani yake. Agosti 2010 kwenye kinu cha Leibstadt, Uswisi, mpiga mbizi aliyekuwa kazini katika bwawa la kuhamishia fueli aliona kipande cha bomba sakafuni. Akakiokota kwa mkono, akakitia kwenye kikapu cha vifaa. Kikapu kilipopandishwa kuelekea juu, vipimo vikalia. Kilikuwa kipande cha bomba la vipimo vya ndani ya kinu, na mkono wake ulikuwa umeshapata dozi iliyovuka kikomo cha mwaka cha 500 mSv. Tukio likawekwa daraja la 2 kwenye INES, mizani ya kimataifa ya matukio ya nyuklia. Hakuwa anabadilisha rafu, ila mazingira ni yale yale: sakafu yenye vitu vilivyoanguka kwa miongo, mwanga hafifu, na mtu aliye karibu mno. Ripoti ikitaja jumla ya dozi bila kueleza sakafu itapimwa vipi kabla ya mtu kushuka, mimi jumla hiyo siiamini.

Kuna jambo la pili ambalo tathmini za mwanzo hazikuliona. Aina moja ya bamba za boroni, iliyouzwa kwa jina la Boraflex, ilisinyaa na kupasuka kwa mionzi ya gama, kisha maji yakaanza kuimumunya. Mwaka 1996 NRC iliwaandikia wenye vinu kuwataka waeleze hali ya bamba zao. Bamba za siku hizi kwa kawaida ni za metali na zimefanya vizuri, lakini vipande vya sampuli vinavyoning'inizwa bwawani na kutolewa kupimwa ni sehemu ya gharama ya njia hii, si hiari.

Makasha makavu

Kasha hushushwa bwawani likiwa na mkebe wa chuma cha pua ndani yake. Mafungu huingizwa moja baada ya jingine chini ya maji, 24, 32 au 37 kwa mikebe mingi ya kinu cha maji ya shinikizo. Kifuniko huwekwa majini, kasha hunyanyuliwa, halafu maji ya ndani hutolewa. Hapo ndipo dozi hupanda. Maji yaliyokuwa yakikinga yametoka, na watu wako juu ya kifuniko: wanachomelea, wanaunga mabomba ya kukaushia kwa ombwe, wanajaza heliamu, wanapima kama kuna uvujaji. Ndiyo maana vinu vingi hutumia mashine ya kuchomelea inayojiendesha na kutandika kinga za muda juu ya kifuniko.

Kikosi kilichozoea humaliza kasha moja kwa mSv-mtu chache. Zidisha chache hizo kwa makasha hamsini na utapata jumla inayolingana na ile ya kubadilisha rafu, au kuizidi. Kwa hiyo usikubali upesi hoja kwamba njia kavu ni "salama zaidi kwa wafanyakazi". Tofauti ni kwamba dozi hii husambaa kwa miaka mingi na kikosi hujifunza. Kasha la ishirini kwa kawaida halina dozi kama la kwanza.

Ukitoka jengoni, picha hubadilika. Kinyume na bwawa, kasha hutoa mionzi kidogo mchana na usiku, gama na nyutroni, na uzio unaihisi. Zege na chuma hupunguza sana, umbali hupunguza zaidi, na makasha ya safu za nje huyakinga ya ndani. Lakini kuna njia ambayo msomaji wa kawaida haifikirii: mionzi hupanda juu, hugonga hewa, na sehemu yake hurudi chini mbali na pale ilipotoka. Kwa mtu aliye mita mia kadhaa, hasa kama tuta la udongo limeziba njia iliyonyooka, mionzi hii ya kurudi kutoka angani inaweza kuwa ndiyo sehemu kubwa ya dozi yake. Tathmini iliyohesabu mstari ulionyooka peke yake haijakamilika. Tena nyutroni za kuriamu huongezeka haraka sana kadiri fueli inavyochomwa zaidi kinuni, kwa hiyo hesabu za fueli ya miaka ya 1980 haziwezi kuazimwa kwa fueli ya leo.

Marekani inataka mtu yeyote halisi aliye nje ya eneo linalodhibitiwa asipate zaidi ya 0.25 mSv kwa mwaka kutokana na shughuli za kawaida, na mpaka wa eneo hilo usiwe karibu zaidi ya mita 100 kutoka kwenye hifadhi. Kikomo cha jumla kwa raia kinachopendekezwa kimataifa ni 1 mSv. Mionzi ya asili humpa mwanadamu wastani wa 2.4 mSv kwa mwaka.

Sasa fanya hesabu ndogo ambayo ripoti nyingi hazikufanyii. Mwaka una saa 8,760. Ukigawa 0.25 mSv kwa saa hizo unapata kama maikrosiveti 0.029 kwa saa (maikrosiveti ni sehemu ya elfu ya milisiveti). Lakini mtathmini akiamua kwamba jirani wa karibu ni mfanyakazi wa kiwanda anayekuwepo saa 2,000 tu kwa mwaka, kiwango kinachoruhusiwa pale uzioni hupanda hadi 0.125, zaidi ya mara nne. Hakuna kilichobadilika kwenye kasha. Kilichobadilika ni dhana kuhusu mtu. Dhana hiyo inaweza kuwa sahihi kabisa leo, kisha nyumba ikajengwa pale pale baada ya miaka kumi na tano.

Pia 0.029 ni ndogo kuliko mionzi ya asili ya nje, ambayo kwa kawaida iko karibu na maikrosiveti 0.1 kwa saa na hupanda na kushuka kwa mvua na unyevu wa udongo. Vipima mionzi vilivyofungwa uzioni havitaweza kuitenga vizuri kama hakuna kumbukumbu za angalau mwaka mmoja au miwili kabla ya kasha la kwanza kufika. Zikikosekana, zikusanywe kabla ya ujenzi, kwa sababu baadaye hakuna namna ya kuzipata.

Siku mbaya

Hapa ndipo njia hizi mbili zinapoachana, na ningependa ripoti ziweke sura hii mbele badala ya kuitupa mwisho.

Tani moja ya fueli iliyotumika hubeba sesiamu-137 ya takriban petabekereli 3 hadi 4 (kipimo cha wingi wa unururifu), kutegemea ilivyochomwa na umri wake. Ajali ya Chernobyl mwaka 1986 iliachia takriban 85. Kwa hiyo tani ishirini hadi thelathini zina sesiamu sawa na yote iliyotoka Chernobyl. Bwawa lililobanwa rafu linaweza kuwa na tani mia kadhaa. Kasha moja hubeba kama tani 10 hadi 15. Kuwemo si kutoka, na njia ya sesiamu hiyo kufika hewani ni nyembamba sana, lakini kiasi kilichokusanyika mahali pamoja nyuma ya kizuizi kimoja ndicho kinachoweka dari ya hasara.

Njia hiyo nyembamba kwa bwawa ni kupoteza maji. Fueli changa ikiachwa wazi, maganda ya zirkoniamu yanaweza kupata moto wa kutosha kuungua hewani, na rafu zilizobanana hufanya hewa ipite kwa shida na moto uenee kutoka mafungu machanga hadi makongwe. Ndipo kubana kunapoongeza hatari: mafungu makongwe hayaanzishi moto ila yanaukuza. Kuna dawa ya gharama ndogo, ambayo ni kulizungushia kila fungu changa makongwe manne au zaidi ili yafyonze joto lake. Ripoti ya rafu isiyotaja mpangilio huo, irudishwe.

Machi 2011 kule Fukushima Daiichi yote mawili yalijaribiwa mahali pamoja. Bwawa la kinu namba 4 lilikuwa na mafungu 1,535, na kwa siku kadhaa dunia haikujua kama lina maji. Lilikuwa nayo, kwa sehemu kwa sababu maji ya shimo lililo juu ya kinu, jirani na bwawa, ambalo lilikuwa limejazwa kwa ajili ya matengenezo, yalipenya na kuingia bwawani. Kulimaliza bwawa hilo kulichukua hadi Desemba 2014. Kwenye kituo hicho hicho, makasha tisa makavu yenye mafungu 408 yalikuwa ndani ya jengo lililofurika kwa tsunami. Makasha yalibaki mazima, bila pampu wala umeme.

Mwaka huo huo, Agosti 23, tetemeko la 5.8 lilipiga Virginia. Kwenye kinu cha North Anna makasha 25 kati ya 27 yaliyosimama wima yalisogea kwenye sakafu ya zege kwa sentimita chache, mengine hadi 11, kila moja likiwa na uzito wa zaidi ya tani 100. Hakuna lililoanguka wala kuvuja.

Makasha yana ugonjwa wao. Mikebe ya chuma cha pua karibu na bahari inaweza kupata nyufa kutokana na chumvi inayotua pale palipochomelewa. Ni kasoro ya polepole na ya kasha moja moja, si ya saa chache. Lakini kukagua ukuta wa mkebe kupitia tundu la hewa, kwa roboti ndogo, bado ni kazi ngumu. Kama eneo liko pwani, hii si aya ya kuruka.

Ghala la pamoja, kwa ufupi

Sweden ina CLAB karibu na Oskarshamn, mabwawa yaliyochimbwa kwenye mwamba mita 30 hivi chini ya ardhi, yakitumika tangu 1985. Agosti 2021 serikali iliruhusu kiasi kiongezwe kutoka tani 8,000 hadi 11,000. Uswisi ina Zwilag, ambako makasha makavu hukaa ndani ya jengo. Katika tathmini, faida ni kikosi kimoja chenye uzoefu na uzio mmoja wa kulinda. Hasara ni kwamba fueli hushikwa mara mbili na kupita kwa watu njiani. Kanuni za usafirishaji za IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, kwa kawaida huruhusu hadi 2 mSv kwa saa kwenye uso wa mzigo na 0.1 mSv kwa saa mita 2 kutoka kwenye gari. Safari halisi huwa chini ya hapo, na dozi ya mpita njia ni ndogo mno. Dereva na wafunga mizigo ndio wa kuhesabiwa.

Kule Uholanzi ghala la HABOG, lenye zaidi taka kali zilizotokana na kuchakata fueli, limepakwa rangi ya chungwa, na mpango ni kulipaka rangi nyepesi zaidi kila miaka ishirini hivi hadi liwe jeupe, kadiri kilichomo kinavyopoa. Ni mapambo, ila yanagusa jambo ambalo ripoti za makasha hulikosea kwa upande wa tahadhari: wanajumlisha makasha yote kana kwamba yalipakiwa siku moja. Kasha la kwanza likitimiza miaka thelathini, limeshapoteza sehemu kubwa ya ukali wake.

Ningechagua vipi

Kinu kikibakiwa na miaka michache ya kazi, na pengo la nafasi ni la mara mbili tatu za kubadilisha fueli, ningebana rafu kwa sehemu, nikitaka mpangilio wa kutawanya mafungu machanga uandikwe ndani ya leseni, si kwenye mwongozo wa ndani unaoweza kubadilishwa. Kununua mitambo ya kufungashia makasha kwa ajili ya mafungu machache ni dozi na fedha ambazo baadaye zitahitajika kwa hali yoyote, lakini fueli ikingoja itakuwa imepoa.

Kinu chenye miaka ishirini mbele, na bwawa ambalo nusu ya mafungu yake yameshapita miaka kumi, ningepeleka makongwe kwenye makasha bila kusubiri bwawa lijae. Kinachonisukuma ni dari ya hasara, wala si dozi ya kila siku, kwa kuwa kwa dozi ya kila siku bwawa ndilo linaloshinda. Mtu aliye jirani ana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi: anaongezewa sehemu ndogo ya milisiveti kwa mwaka ili apunguziwe hatari adimu na kubwa. Uwanja uwekwe upande ulio mbali na makazi, makasha yenye fueli kongwe yapangwe safu za nje, tuta lijengwe mwanzoni.

Ghala la pamoja ningelisubiri pale tu ambapo tayari lipo na lina leseni. Tathmini inayotegemea ghala ambalo halijajengwa ni tathmini ya kubana rafu iliyovikwa nguo nyingine.

Na kwenye jedwali la kulinganisha ningeongeza mstari mmoja ambao karibu kila mara haupo: dozi ya kufungasha upya. Ripoti ya NRC ya mwaka 2014 kuhusu hifadhi inayoendelea ilidhania kwamba mikebe na makasha yatabadilishwa kila baada ya miaka 100, kwenye jengo maalumu la kuhamishia fueli pakavu. Kinu kikishafungwa na bwawa kubomolewa, jengo hilo linapaswa kujengwa upya, na kikosi kitakachoufungua mkebe kitakuwa cha watu ambao hawakuwepo ulipofungwa. Muulize mwenye kinu dozi hiyo ni kiasi gani, na ameiweka ukurasa gani.